Leso Wakati wa Kafyu

Mombasa, Jumamosi, 28 Machi 2020

Kafyu ya korona ilianza jana: saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Likoni watu walisukumana kuiwahi feri.

Huu ni Shaaban, mwezi wa harusi, na muuza leso yeyote wa mji huu huungoja mwaka mzima. Sasa mikusanyiko imekatazwa na sare nilizoagiziwa zimenikalia. Mama mmoja wa Kibokoni amenipigia mwenyewe. Ndoa ya mwanawe itasomwa mbele ya watu wachache, hakuna kesha, hakuna lelemama. Alikuwa akilia. Nikamwambia, "Pole, mamangu. Muhimu ndoa isomwe, Mungu awape kheri. Leso zako nakuwekea." Hakutoa arbuni, na sikumuuliza. Mtu anayelia hadaiwi.

Alhamisi, 9 Aprili

Tangu jana jioni Mombasa imefungwa, na Kilifi na Kwale pia. Wateja wa Mtwapa na Ukunda, ambao ndio hulipa bila kusumbua, wamebaki ng'ambo. Hata hivyo malori ya mizigo yanaruhusiwa kupita. Kesho nitauliza nani anapeleka unga kule, na kama atakubali kubeba furushi dogo.

Mwenye duka ninayechukulia mali ameniuliza pesa zake. Ana haki. Nilifungua daftari mbele yake nikamsomea majina ya wanaonidai na ninaowadai, mmoja mmoja. Akanyamaza, kisha akasema, "Haya, mwanangu, mpaka Idd." Kumbe kumkimbia mdai ndiko kunakomtia wasiwasi. Ukimwendea kwa miguu yako, hutulia.

Jumapili, 26 Aprili

Mfungo umeingia na misikiti imefungwa. Tarawehe tunasali nyumbani.

Nimekaa nikafikiri: nani anahitaji leso wakati huu? Harusi hakuna, safari hakuna. Lakini wanawake wanazaa. Mtoto hupokewa kwa leso, hubebwa kwa leso, na mamake hujifunga leso arubaini nzima. Na tena leso ya mzazi hailingani na ya harusini: inatakiwa pamba laini, isiyochuja rangi, iliyofuliwa mara mbili kabla ya kumgusa mtoto. Haya nayajua, na mteja mchanga hayajui. Nimewauliza wakunga wawili wa mtaani ni nyumba zipi zinatarajia mtoto, nikawapigia akina mama wa nyumba hizo. Sikuanza na bei. Nilianza na hali ya mzazi, kisha nikaeleza jinsi ya kuichagua leso hata kama hatanunua kwangu. Wawili walinunua. Mmoja alisema atafikiri, na nimeandika jina lake kwenye ukurasa wa watu wa kupigiwa tena, kwa sababu "nitafikiri" ya mama mjamzito huwa ni "sina pesa leo".

Alhamisi, 7 Mei

Jana mtaa wetu wa Mji wa Kale ulifungwa, na Eastleigh kule Nairobi pia. Hatutoki wala hatuingiliwi. Barabara iko kimya kama Idd ya watu waliosafiri.

Siwezi kutembeza mali, basi mali nitaipiga picha. Nimejifunza kwamba leso hupigwa asubuhi, kwenye ukuta wa baraza kabla jua halijapanda. Jioni, rangi nyekundu hugeuka kahawia na mteja akiipokea huona umemhadaa. Pindo zote nne zionekane, mji, yaani sehemu ya katikati, usikunjamane, na jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, lisomeke hata kwenye simu ndogo, maana wanawake wetu hununua jina kabla ya rangi. Na majina nayo yamebadilika thamani. Yale ya vijembe, yanayotoka haraka msimu wa harusi, hakuna ayatakaye. Wanaulizia ya dua na shukrani. Hata mimi nikizifungua hizo, na ile harufu ya wanga ikinijia, moyo hupoa.

Tangu katikati ya Machi, kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa hakukatwi kitu. Kwa mfanyabiashara mdogo hii ni neema kubwa. Anayeshindwa kutoa bei ya doti mara moja nimemwambia atume mia mia, na leso yake imeshaandikwa jina lake.

Jumamosi, 23 Mei

Kesho Idd. Leo nimewapigia wote walio kwenye daftari la madeni na sikumtajia hata mmoja deni. Nimewatakia Idd njema na kuwauliza afya. Watu wanaogopa simu za siku hizi, nami sitaki yangu iwe mojawapo ya hizo wanazoziogopa. Bibi mmoja wa Makadara alikata simu, kisha akanitumia nusu ya deni na maneno mawili: "Umenistahi."

Nimechoka. Usiku uliopita nilihesabu mali iliyobaki nikaona kiza. Lakini nilipoamka nilifunga furushi upya, nikazipanga leso kwa rangi, na kuzungumza na wateja kwa sauti ya furaha. Ile furaha sikuiazima. Naipenda kazi hii, na unayempigia, aliye nyumbani kwake na hofu, huisikia mara moja.

Jumatatu, 8 Juni

Mji wa Kale umefunguliwa. Kafyu ingalipo na Mombasa bado haitoki, lakini tunatembea.

Nimekwenda Biashara Street asubuhi na sehemu ya deni mkononi. Mwenye duka alizihesabu pesa, akaniandikia risiti, kisha akaniteremshia mali mpya bila mimi kuomba. Mtoto wa ndugu yangu, aliyepoteza kazi ya hoteli Machi, ameniomba tutembeze pamoja. Nimemwambia aje kesho na daftari lake mwenyewe. Ukurasa wa kwanza aandike majina ya watu waliosema "siku nyengine", na awapigie hao kwanza.