Mizani ya Gurudumu la Akiba

Sisi tunaotunga na kufundisha mashairi tumelizoea neno mizani kwa maana moja: hesabu ya silabi katika mshororo. Nane za ukwapi, nane za utao, na mwenye kuzidisha aeleze. Mwaka huu nimelirudia neno hilo kwa maana yake ya kale, ile ya sokoni, nikiwa nimesimama mbele ya mizani ya mnunuzi wa mahindi na magurudumu mawili ya gari, jipya na kuukuu. Kuukuu lilikuwa na kilo 27. Jipya lilikuwa na kilo 37. Yaliyofuata yote yametokana na kilo hizo kumi.

Gari lenyewe ni Land Rover Defender 90, ile fupi, niliyoinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo changu. Jina la malipo hayo nimelipenda siku zote kwa ushairi wake, ila sikujua kwamba mgongo wa kwanza kuinuliwa ungekuwa wa gari. Naishi Iringa mjini, na shamba liko Kilolo, kwenye udongo mwekundu ambao masika huugeuza kuwa sabuni. Gari lilikuja na matairi ya kipimo cha 205R16, membamba na mepesi. Yalipokwisha, nilizunguka madukani nisiyapate, ilhali tairi la 7.50R16 lipo kila mahali kwa kuwa malori madogo hulitumia. Ni tairi refu zaidi, gumu zaidi, na linaushika utelezi vizuri. Nikanunua manne, na la tano la akiba.

Msomaji ataniuliza kwa nini sikuliacha lile dogo liendelee kukaa akiba. Sababu ni kwamba Defender huendesha magurudumu yote manne wakati wote, na kati ya mhimili wa mbele na wa nyuma kuna difu inayosawazisha mizunguko. Gurudumu moja likiwa fupi kwa sentimita sita hivi, difu hiyo hufanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka. Akiba ya namna hiyo inakufikisha kituo cha karibu, haikufikishi Kilolo.

Hapa lugha ina neno la kusema. Tumezoea kuita kitu hiki tairi la akiba, kumbe kinachoning'inia nyuma ya gari ni gurudumu zima: tairi, tyubu, hewa, na ringi ya chuma. Muuza duka akikutajia uzito wa tairi, amekutajia mpira tu. Ringi ameiacha sakafuni, na ringi ya chuma si kitu cha kusahaulika. Nimesikia watu wakibishana kwamba kusema gurudumu badala ya tairi ni kujikweza kwa walimu. Mimi nasema tofauti ya maneno hayo mawili inapimika kwa kilo, na mlango wa gari huijua hata kama dereva haijui.

Mlango wa nyuma wa Defender una historia yake. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwili wake ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Mazoea hayo yalidumu. Mlango ninaousema ni fremu nyembamba ya chuma iliyovikwa ngozi ya alumini, na kingo za ngozi hiyo zimekunjwa kuizunguka fremu. Ni mlango mwepesi, na kwa kufunga na kufungua unatosha sana. Tatizo ni ndoa yenyewe. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu, alumini ndiyo huliwa. Inageuka unga mweupe chini ya rangi, polepole, na aliye nje haoni kitu mpaka rangi iumuke kama maandazi.

Sasa ubebeshe mlango huo gurudumu. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba yangu haikuoza, ila ilikuwa ikiuozesha mlango. Kuzunguka boliti zinazoshika gurudumu palikuwa na nyufa nne, kila moja fupi kuliko kidole gumba, zote zikielekea upande mmoja. Bawaba ya juu ilikuwa imeachia kiasi kwamba mlango ukifunguliwa hushuka, na kuufunga ilibidi uuinue kwa goti. Hayo ni ya kilo 27. Zile 37 zilikuwa bado sakafuni sebuleni, mke wangu akizizunguka kila anapopita.

Katika gari hili fupi viti vya nyuma vinatazamana, na njia ya kuvifikia ni mlango huo huo. Ndio mlango wa wajukuu. Wanaufungua wenyewe, wanaparamia, wanagombea upande wa dirisha. Iringa ni mji wa miteremko. Gari likisimama pua chini, mlango ulioachwa wazi hurudi wenyewe, na mlango wenye gurudumu la kilo 37 haurudi kama mlango, unarudi kama nyundo. Vidole vya mtoto wa miaka sita vinashika pale pale penye ukingo. Na barabarani nyuma yangu kuna bodaboda. Boliti zikiachia kwenye mteremko wa Kitonga, gurudumu halitachagua pa kuangukia.

Fundi wa kwanza, mtu mzima wa rika langu, alishauri bamba: kipande cha chuma cha sentimita 40 kwa 40, unene milimita 4, kifungwe ndani ya mlango ili boliti zipite humo na mzigo usambae. Si ushauri mbaya. Kwa mlango wenye bawaba nzima, na kwa gurudumu lililozidi kidogo tu, bamba linatosha, maana kinachochana ngozi ya alumini ni boliti kuvuta mahali padogo, na bamba linapapanua. Marekani, wenye Jeep Wrangler, nao wakibeba gurudumu mlangoni, hununua vifaa kamili vya kuimarisha, na bawaba nene zimo. Lakini piga hesabu. Bamba hilo peke yake lina kilo tano. Nimeongezewa kumi, natibu kwa kuongeza tano.

Fundi wa pili nilimfundisha kidato cha pili, akiwa hodari wa insha na mvivu wa sarufi. Alichuchumaa nyuma ya gari muda mrefu, akaubembeza mlango kwa kidole, kisha akasema: "Mwalimu, hilo bamba halitabeba gurudumu. Na lenyewe litabebwa."

Nilimwomba aifafanue kauli yake, akachora chini kwa kijiti. Mlango ni wenzo. Egemeo lake ni mstari wa bawaba. Kitovu cha gurudumu kiko sentimita 45 kutoka mstari huo, na bawaba ya juu iko sentimita 60 juu ya ile ya chini. Mlango ukiwa wazi, gurudumu la kilo 27 huivuta bawaba ya juu kwa nguvu ya kilo 20 hivi. La kilo 37 huivuta kwa karibu 28, na ile ya chini husukumwa kwa kiasi hicho hicho. Mlango ukifungwa, komeo husaidia, ingawa komeo liliumbwa kufunga, halikuumbwa kubeba. Halafu gari liingie shimoni na kuruka. Tuseme mruko mmoja unaufanya mzigo uwe mara tatu ya uzito wake: ile 28 imekuwa 84, kwenye skrubu zilizoshika fremu nyembamba yenye kutu. Ukiweka bamba katikati ya mlango, nyufa za katikati zitakoma. Mvuto wenyewe hautakoma. Utasafiri kupitia bamba hadi bawabani, na ufa utafunguka huko.

Malenga wenzangu wataitambua hali hii. Mshororo ukipwaya, tunayo ruhusa ya mazida. Ukifura, tunayo inkisari. Kijana mwenye wazo zito kuliko bahari aliyoichagua huanza kurefusha neno hapa, kukata neno pale, na kila anapotengeneza silabi moja, kina kinachofuata kinalegea. Miaka mingi nimekaa na daftari za namna hiyo. Mara nyingi sikumshauri mtungaji abadili neno. Nilimshauri aende kwenye bahari nyingine yenye vipande vya kutosha.

Bahari nyingine, kwa fundi wangu, ilikuwa kuuondolea mlango kazi ya kubeba. Alitengeneza mkono wa bomba la mraba la milimita 50, wenye bawaba yake peke yake. Mguu wa bawaba hiyo umefungwa kwa boliti kwenye mhimili wa nyuma wa chesisi, ule mnene unaopita chini ya mlango. Sehemu ya juu imeshikwa kwenye pembe ya mwili wa gari kwa ajili ya kutuliza tu. Gurudumu linakaa kwenye mkono huo. Uzito wake unateremka kupitia chuma hadi chesisi, bila kugusa mlango. Mkono na mlango vimeunganishwa kwa kijifimbo kifupi chenye viungo pande zote mbili, hivyo ukifungua mlango, mkono unafuata, na mjukuu hana haja ya kujifunza jambo jipya.

Pini ya bawaba ilikerezwa mjini, pamoja na bushi za shaba na tundu la kupigia grisi. Nafurahi kuandika neno kukereza. Wanafunzi wangu walikuwa wakilikuta kwenye kamusi wakadhani limekufa, kumbe linaishi gereji, limejaa mafuta. Kadhalika keekee: fundi ana drili ya umeme na anaiita drili, lakini ile ya kuzungusha kwa mkono, iliyokuwa ya baba yake, anaiita keekee bila kusita. Bawaba anaiita bawaba ikiwa ya nyumba, hinji ikiwa ya gari. Sikumsahihisha. Tofauti hiyo inamsaidia kuagiza vifaa, na sarufi inayomsaidia mtu kazini haihitaji mwalimu.

Mlango nao ulitibiwa kwa kadiri yake. Nyufa zilitobolewa tundu dogo kwenye ncha, ili zisiendelee kukimbia, kisha zikafunikwa kwa kipande cha alumini kilichopigwa ribiti. Chuma hakikuchomelewa humo, kwa kuwa chuma na alumini havishikani kwa moto wa kawaida wa gereji. Kila mahali ambapo metali hizo mbili zingegusana paliwekwa rangi ya kuzuia kutu, na juu ya rangi kipande cha mpira. Bawaba za zamani zilibadilishwa. Taa na kibao cha namba tulihakikisha vinaonekana kwa aliye nyuma, jambo ambalo wengi hulikumbuka baada ya kusimamishwa na trafiki.

Jina la mkono huo alilitoa mke wangu. Aliutazama umelikumbatia gurudumu mgongoni mwa gari akasema, "Hii si ni mbeleko?" Fundi alicheka, kisha akanyamaza, kisha akaanza kulitumia. Mimi nimelipima neno hilo kila upande na sioni pa kulikataa. Mama anayembeba mtoto kwa mikono huchoka kabla ya kufika kisimani. Anayembeba kwa mbeleko ameuhamisha uzito kwenye mgongo na nyonga, mikono ikabaki huru kwa kazi yake. Ndicho hasa alichofanya fundi. Sasa gereji nzima inasema mbeleko, na wiki iliyopita alikuja mtu mwenye Land Cruiser kuulizia bei ya mbeleko bila kujua neno lilianzia wapi.

Bei, kwa wanaotaka kujua, ilikuwa shilingi 320,000 pamoja na ukerezaji. Baada ya kilomita 100 za kwanza nilirudi kukaza nati, na mbili kati yake zilikubali robo mzunguko. Tangu hapo hazijasogea, nami huzigusa kila Jumamosi. Mwishoni mwa mkono pana pini ya kuuzuia usirudi gari likiwa mteremkoni. Mjukuu mkubwa ndiye mwenye dhamana ya pini hiyo, na hamruhusu mdogo wake kupanda mpaka ameisikia ikilia "tak".

Kilichobaki ni kile kijifimbo kinachounganisha mkono na mlango. Fundi anakiita "kile kidogo". Nimejaribu kiungo, nikakiona kipana mno. Nimejaribu mshikizo, mke wangu akasema huo ni wa nguo. Mwenye jina aniletee.