Seva nne, diski moja haitoshi

Shangazi huniuliza kila akipiga simu, hivi mimi hapa Durban nafanya kazi gani hasa. Basi shangazi, mwezi huu kazi ilikuwa kuchagua namna ya kuweka nakala za akiba, yaani bekapu, za seva nne za ofisi.

Ofisi iko Warwick Junction. Kwa wasiopajua: chukueni Kariakoo, muongeze stendi za mabasi na teksi, stesheni ya treni ya Berea, na barabara za juu zinazopita vichwani. Inakadiriwa watu 460,000 hupita hapa kwa siku. Sisi tunatunza hesabu na mishahara ya wafanyabiashara wadogo. Hesabu zikipotea, kuna watu Ijumaa hawalipwi.

Seva mbili ni za Windows, moja Linux, na moja FreeBSD ya zamani ambayo hakuna anayethubutu kuizima. Bosi alitaka jambo jepesi: kila mashine ichomekewe diski ya nje, ibaki hapo. Nikamwambia hapana mzee. Virusi vya kudai fidia hufunga kila diski vinayoifikia. Julai 2021 Transnet ilishambuliwa kimtandao na shughuli za makontena bandarini hapa zikakwama. Mwezi huohuo ghasia zilichoma maduka na maghala mjini. Aprili 2022 mafuriko yakaua watu zaidi ya 400 KwaZulu-Natal. Nakala iliyo chumba kimoja na seva inaungua nayo, inazama nayo.

Wauzaji wa hapa wanalijua hilo kuliko sisi wa kompyuta. Jioni wasukuma mikokoteni hupeleka mizigo stoo, na mama ninayenunua nyanya kwake huugawa wake stoo mbili.

Je, yote yatumwe kwa intaneti? Nikapiga hesabu: terabaiti 2 kwa laini inayopandisha megabiti 20 kwa sekunde ni zaidi ya siku 9, tena bila kukatika. Kwa nakala ya kwanza, gari linashinda.

Kwa mashine za Linux peke yake ningetumia rsync nikalale. Lakini Windows hufunga mafaili yanayotumika, na hifadhidata ukiinakili ikiwa inaandikwa unapata takataka. Mwishowe nikachagua Bacula. Ni ya bure, na ina programu ndogo inayokaa kwenye kila aina ya mashine tuliyonayo, ikiongozwa na seva moja. Kuipanga ni kazi, sitawadanganya. Na orodha yake ya mafaili nayo inahitaji nakala yake.

Sasa kila usiku yanakwenda mabadiliko tu. Diski mbili zinapokezana: moja ofisini, nyingine imefungwa kwa nenosiri, inalala tawi la Pietermaritzburg, kilomita 80 hivi. Jumamosi nilirejesha mishahara yote kwenye mashine tupu. Saa tatu kamili, na hesabu zikalingana hadi senti. Bosi ndiyo kwanza akatabasamu.

Mdogo wangu wa Tanga, zile picha za marehemu babu ziko kwenye laptop yako peke yake. Nitumie nakala wiki hii, na nyingine mpe mama kwenye flashi aiweke kabatini.

Wasalaam.