Kusi Ikivuma, Tusimlazimishe Msafiri

Kwa watu wa mwambao na visiwani, mwaka haugawanywi kwa kalenda ya ukutani pekee, bali pia kwa upepo. Kaskazi hutawala tangu mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Kisha huingia kusi, nayo hudumu hadi Septemba au Oktoba. Kilele chake ni Juni, Julai na Agosti, wakati wa kipupwe. Ndiyo miezi ambayo jamaa zetu walioko Maskati hutupigia simu wakilalamikia joto linalopita nyuzi 40, ilhali sisi huku tunajifunika shuka alfajiri.

Mambo hayo mawili yana asili moja. Majira ya joto yanapoingia kaskazini mwa dunia, bara la Asia hupata moto na hewa yake hupanda juu. Hewa nzito iliyoko bahari ya kusini, upande wa visiwa vya Mauritius na Réunion, husogea kujaza nafasi hiyo. Hupita kwetu ikitokea kusini-mashariki, huvuka ikweta, hupinda kuelekea kaskazini-mashariki na kuongezeka nguvu mbele ya pwani ya Somalia. Mwisho wake ni mvua za India na manyunyu yanayovigeuza vilima vya Salalah kuwa kijani. Upepo unaotikisa minazi ya Pemba ndio huo huo unaoichafua Bahari ya Arabuni.

Manahodha wa majahazi ya zamani waliyajua haya bila mitambo. Waliondoka kwetu na kusi changa, yapata Aprili au Mei, ili wafike Arabuni kabla bahari haijafungwa. Ahmad ibn Majid, mwanabahari mashuhuri wa karne ya 15, aliandika kwa kirefu juu ya nyakati za kung'oa nanga na nyakati za kutulia bandarini. Kwa watu wale kungoja hakukuhesabiwa kuwa ni woga. Ilikuwa ni sehemu ya elimu ya safari.

Nayataja haya kwa kuwa sisi tuliobaki tumeirithi safari, lakini wengi wetu tumeiacha elimu yake. Nami niliulizwa sana juu ya elimu hiyo pale nilipofiwa na baba yangu.

Marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi wa Pemba. Alifariki usiku mmoja wa Agosti, nami nikiwa Tanga ninakofundisha. Habari zilinifikia kabla ya alfajiri, na maziko yalipangwa baada ya sala ya Adhuhuri. Kupitia Dar es Salaam nisingewahi kabisa. Ndipo binamu yangu aliponipigia simu kusema kuwa liko jahazi la mashine katika bandari bubu moja kusini ya mji, limepakia saruji, na litavuka asubuhi ile ile. "Kaka, nafasi yako ipo. Usikose kumzika mzee."

Siku iliyotangulia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Mtu akiwa nchi kavu huzisikia tarakimu hizo kama jambo dogo. Lakini mkondo baina ya Tanga na Pemba una kina cha mamia ya mita, na upande wa kusi uko wazi, bahari ikiingia bila kizuizi. Mkondo wa maji wa pwani yetu huelekea kaskazini, na kusi huuongezea kasi. Na maji ya bamvua yanapokupwa au kujaa yakikabiliana na upepo, mawimbi hufupika na kusimama wima kama ngazi. Chombo kilichojaa saruji hakina nafasi ya kupanda ngazi hizo.

Nilimjibu binamu yangu kuwa siji. Baba alizikwa bila ya mimi, na jahazi lile lilifika salama.

Hilo la mwisho ndilo lililonisumbua kwa muda mrefu. Nilipofika Pemba siku ya tano, upepo ulipotulia, kaka yangu mkubwa hakunigombeza. Alisema neno moja tu mbele ya watu: "Wenzio wamevuka." Shangazi naye aliniuliza kama kazi ya Serikali ilinizuia. Sikuwa na la kuwaonesha. Lau jahazi lingezama, kila mmoja angesema nilikuwa na busara. Kwa kuwa lilifika, nilionekana mtoto aliyeogopa maji wakati wa kumsitiri baba yake.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, na naliona hivi: kufika salama kwa chombo kimoja si ushahidi kwamba safari ilikuwa ya salama. Mtu anaweza kuvuka barabara amefunga macho akafika ng'ambo mzima. Hatutamsifu wala hatutamfundisha mwanawe afanye hivyo. Uamuzi hupimwa kwa kile mtu alichokijua alipoamua. Na kutawakali, kama tulivyofundishwa sote madrasani kwa kisa cha bedui na ngamia wake, hakuanzi mpaka kamba ifungwe.

Liko jambo jingine nililolibaini. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja kupiga upande wa Mafia, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa, na watu walitii. Kimbunga kina jina, hutangazwa kwa uzito, na kwetu huja mara chache mno. Wazee huvitaja kile cha Zanzibar cha mwaka 1872 na kile cha Lindi cha mwaka 1952. Kusi haipewi jina la pekee. Huja kila mwaka, tumeizoea, na kilichozoeleka watu hujadiliana nacho. Katika miezi ya kilele cha kusi vimbunga havitufikii, kwani bahari yetu imepoa na haina joto la kuvilisha. Hata hivyo, meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe Julai 18, 2012, siku chache tu kabla ya Ramadhani. Haikuwa siku ya kimbunga. Ilikuwa siku ya kusi.

Waliokuwa ndani ya meli ile walikuwa watu wenye miadi kama yetu: wengine warudi kwa wazazi, wengine wafike kwenye shughuli, wengine wafunge mwezi pamoja na watoto wao. Sisemi nini kiliwapandisha chomboni siku ile, kwani sikijui. Najua tu kwamba katika nyumba zetu msafiri hushurutishwa na mengi asiyoambiwa waziwazi. Huogopa kuulizwa "kwa nini hukuja?" Huogopa kulinganishwa na aliyevuka. Shinikizo hilo halimo katika ripoti za hali ya hewa, lakini nalo humsukuma mtu hadi bandari bubu.

Kwa hiyo naziomba familia zilizotawanyika pande mbili za bahari ziweke ada mpya. Arusi isiyo na ulazima wa Julai ipangwe kaskazi ikianza. Anayepiga simu ya msiba amwambie ndugu yake, kabla hata hajauliza, kuwa asivuke mpaka bahari iruhusu, na kwamba maiti atasitiriwa na waliopo. Maziko ni faradhi ya kutosheleza. Wakiisimamia baadhi, wengine hawana dhambi. Na tusimpakie mtu yeyote katika chombo kisichoandikisha abiria, maana kikipotea hatutajua hata ni akina nani wa kuwatafuta.

Baba mwenyewe, miezi ya kusi, alivua ndani ya mwamba tu. Samaki walipopungua tulikula muhogo kwa chumvi, na majirani walipomcheka aliwaambia kuwa bahari haina haraka naye.

Mama alikuwa ndani ya eda nilipoketi mbele yake siku ile ya tano. Nilianza kujieleza, akanishika mkono. "Mwanangu," alisema, "siku ile nilikuwa na maiti mmoja wa kumlilia. Kila upepo ulipogonga paa, nilimwomba Mungu usiwe njiani." Kaka yangu alikuwapo, akasikia. Hajaniambia tena habari ya waliovuka, na mwaka uliofuata, mwanawe alipotaka kuja Tanga mwezi wa Julai, ndiye aliyemwambia asubiri.