Mgeni Aliyepoteza Rangi



Wako viumbe wa baharini ambao wengi wetu, watu wa bara na wa maziwa, hatujapata kuwaona kwa macho. Watu wa pwani huwaita matumbawe. Katika vitabu vya shule tuliwasoma kwa jina la Kifaransa, corail. Nchi yetu inagusa bahari kule Muanda, lakini hapo mto Kongo humwaga maji matamu na tope, nayo miamba ya matumbawe hutaka maji ya chumvi, yenye joto na yanayopenywa na jua. Mtu akiona picha yao hudhani ni mawe au maua. Kumbe ni wanyama.

Tumbawe moja ni jamii nzima ya wanyama wadogo, kila mmoja na kinywa chake, walioshikamana juu ya kiunzi cheupe cha chokaa wanachokijenga wenyewe. Ndani ya nyama yao huishi mwani mdogo mno, wa rangi ya kahawia. Mwani huo hupokea mwanga, hutengeneza sukari, na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula chake. Naye mwenyeji huupa makao na mbolea. Juu ya hayo, tumbawe lenyewe hutengeneza rangi nyingine, zambarau, kijani au waridi, zinazolisaidia kujikinga na mwanga mkali. Kwa hiyo rangi tunayoiona hutokana na wawili wanaoishi pamoja, si na mmoja.

Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaofuga matumbawe nyumbani, ndani ya tangi la kioo, kama wengine wanavyofuga samaki waliotoka katika ziwa letu la Tanganyika. Mengi hutoka Indonesia na Australia, na biashara ya matumbawe magumu kati ya nchi na nchi husimamiwa na mkataba wa CITES. Mdogo wetu mmoja aishiye Liège ni mfugaji wa namna hiyo. Tulipomtembelea, tulimkuta na huzuni. Majuma mawili nyuma alikuwa amenunua vipande viwili vipya: kimoja cha zambarau, kingine cha waridi. Dukani, chini ya taa za buluu, vilikuwa vikimetameta. Sasa cha zambarau kilikuwa cha kahawia kama majani ya chai, na cha waridi kilikuwa kimepauka kikakaribia weupe.

“Yaya, wameniuzia vitu vilivyopakwa rangi,” alituambia. Siku ya Jumamosi alikusudia kubadili taa, kubadili nusu ya maji, kutia dawa ya chupa na kuvihamisha vipande vyote viwili, yote kwa mara moja.

Sisi si wafugaji, lakini kazi ya ualimu imetuzoeza kuuliza kabla ya kuhukumu. Tukamwuliza: kila kipande kimekaa wapi tangu siku ya kwanza? Cha kahawia kilikuwa chini, kivulini mwa jiwe. Kilichopauka kilikuwa juu kabisa, chini ya taa. Maji ni yale yale, siku ni ile ile, na dalili zinapingana. Basi maji peke yake hayawezi kuwa mshtakiwa.

Tulisoma pamoja, na jambo likawa wazi. Tumbawe likipata mwanga mdogo kuliko lilivyozoea, au likikaa katika maji yenye nitrati na fosfati nyingi, mwani wake huongezeka ukafunika rangi nyingine. Ndipo huwa la kahawia. Halipendezi, lakini kwa kawaida halimo hatarini. Likipigwa na mwanga mkali kuliko lilivyozoea, hupoteza mwani, na kiunzi cheupe huonekana kupitia nyama yake iliyo angavu. Hilo bado li hai, ila lina njaa, kwa maana aliyelilisha ameondoka. Njaa ikidumu, litakufa.

Tena usafi uliopita kiasi nao una madhara. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walionyesha kwamba matumbawe yaliyokosa fosfati huwa rahisi zaidi kudhurika na joto na mwanga. Mwaka 2020 watafiti wa chuo hicho hicho walieleza jambo la kushangaza: baadhi ya matumbawe yakipoteza mwani hung'aa kwa rangi kali kuliko kawaida, kwa kuwa yanajitengenezea kivuli ili mwani upate kurudi. Kumbe rangi nzuri yaweza kuwa kilio, na rangi mbaya yaweza kuwa dalili ya kuzoea.

Mdogo wetu aliacha mpango wa Jumamosi. Alipima joto, likawa nyuzi 25. Akapima chumvi, nitrati na fosfati, akaandika yote daftarini. Alitazama kama nyama ingali imeshika kiunzi, maana nyama ikianza kubanduka, hiyo ni shida nyingine isiyongoja. Ilikuwa imeshika. Kisha akabadili jambo moja tu, yaani mahali. Kilichopauka alikishusha penye mwanga wa wastani. Cha kahawia alikitoa kivulini, akakipandisha kidogo kidogo kwa muda wa majuma kadhaa. Vipande hivyo vilikuwa vimekwisha kusafiri ndani ya mfuko wa plastiki, vikabadilishiwa maji, joto na taa. Kila badiliko jipya lingekuwa safari nyingine juu ya uchovu wa kwanza. Tena mtu abadilishaye mambo matano siku moja hatajua lipi lilimponya mgonjwa, wala lipi lilimwua.

Methali husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumbawe halishiki jembe siku ya tatu. Mwezi wa kwanza hakuna kilichoonekana. Mwezi wa nne mdogo wetu alitupigia simu: ncha za kile cha kahawia zimeanza kuwa zambarau, na kile cheupe kimerudisha rangi hafifu upande wa chini. Tawi lake moja lilikuwa limekufa, halikurudi.

Baharini hakuna mkono wa kulishusha tumbawe penye nafuu. Mwaka 1998 joto la bahari lilipausha matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, pamoja na ya Kenya na Tanzania. Mwezi wa Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo katika upaukaji mkuu wa nne. Huko nako, tumbawe lililopauka si maiti. Joto likipungua mapema laweza kupona, lisipopungua hufa, na samaki wanaowalisha watu wa pwani hupoteza makao yao.

Tunawaandikia haya kwa sababu katika madarasa yetu tumewapokea watoto wengi waliofika katikati ya mwaka, wamekimbia kwao. Aliyekuwa hodari kwao hukaa kimya kwetu, na mwalimu mwenye haraka huandika: mwanafunzi dhaifu. Wengine huonekana wachangamfu kupita wote, na ndani wameumia. Mtoto si tumbawe, lakini wote wawili hudai kwanza tujue wametoka wapi na tumewakalisha wapi.

Mkikutana juma hili, zungumzeni: ni nani amefika kwetu karibuni, naye amekaa upande gani wa chumba? Tangu alipofika, nani amemwuliza alizoea nini kwao? Kisha chagueni jambo moja tu la kumtendea, mlidumishe kwa miezi kadhaa kabla ya kuamua kama limefaa.