Kwa Nini Sikujiandikisha Jeshini Baada ya Shahada

Katika kundi letu la waliomaliza masomo mwaka 2025, swali la "utafundisha wapi?" limepungua. Linaloulizwa sasa, tukikutana barabarani au baada ya ibada, ni "unaingia jeshini ao unabaki?" Nimelijibu mara nyingi, na kila mara kwa neno moja. Hapa nataka kulijibu kwa urefu, kwa sababu nadhani ni swali la kitivo cha lugha kuliko linavyoonekana.

Halikutoka hewani. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Aliyekuwa mwaka wa tano wa sekondari wakati ule amefika shahada bila kuongozwa na gavana wa kiraia. Tarehe 3 Novemba 2022 Rais Tshisekedi aliwaita vijana wajiandikishe jeshini, na Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025 aliurudia wito huo. Mwezi uliofuata askari wa Uganda waliingia mjini Bunia. Wakati huohuo kila mmoja wetu ana ndugu au jirani aliyekimbia kutoka Djugu au Irumu, na ana shahada ambayo haijamletea mshahara.

Kwa hiyo sitawacheka wanaokwenda. Sababu zao ni nzito. Ya kwanza ni sheria: kifungu cha 63 cha Katiba kinasema kulinda nchi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Ya pili ni mkate, na hakuna aibu kuutaja. Ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi. Askari wanaokufa kwenye barabara ya Komanda au katika vilima vya Djugu wametoka Kasai, Équateur na Kongo-Kati. Mama zao wanaishi mbali, na wengine hawakuwahi kusikia jina la Ituri kabla ya mtoto kutumwa huku. Je, mimi niliyezaliwa hapa nikae nikisahihisha insha, nikisubiri mtoto wa mwingine anilindie mji wangu?

Juu ya sababu hizo tatu nilikuwa na yangu mwenyewe, na ilitoka darasani. Sisi wote tunajua kwamba jeshi letu linasema Lingala. Ilianza zamani, katika Force Publique ya mkoloni, ikaendelea kwa miaka yote ya Mobutu. Mwaka 1996 na 1997 vita vya AFDL vilipeleka Kiswahili hadi Kinshasa pamoja na askari wa Laurent-Désiré Kabila, lakini amri za kambini hazikuacha Lingala. Sasa mtazame mama mzee wa kijijini anayefika kwenye kizuizi. Anajua Kilendu, au Kihema, au Kibira, na Kiswahili cha sokoni. Anasikia "Telema! Pesa mikanda." Siku moja nilikuwa nyuma ya mama wa namna hiyo. Askari hakuwa mkali, aliomba karatasi tu, kama kazi yake inavyomtaka. Mama hakuelewa, akaogopa, akanyamaza. Askari aliuona ule ukimya kama wa mtu anayeficha kitu, akaanza kupandisha sauti. Nilitafsiri maneno mawili, mama akatoa kadi yake kwenye kitambaa, tukapita wote.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshawishika: jeshi hili linanihitaji. Kifungu cha 189 cha Katiba kinataka elimu ya kutosha na uwakilishi wa haki wa majimbo katika jeshi. Ikiwa wasomi wa Ituri wanaojua lugha za Ituri wanakataa kuingia, tusilalamike kwamba jeshi linabaki mgeni kwetu.

Nilipeleka hoja hii kwa watu watatu.

Wa kwanza alikuwa mwenzangu wa darasa aliyekwishajiandikisha na kupelekwa Kitona, upande wa bahari, kufanya mafunzo. Nilimwandikia kuhusu mama wa kizuizini. Alijibu: "Kaka, huku hakuna mwenye kuuliza unajua lugha gani. Ni Lingala asubuhi, Lingala usiku. Na hatujui tutatumwa wapi." Sikuwa nimelipima hilo. Nilijiona tayari nimesimama Iga-Barrière nikiwasalimu wakulima kwa lugha yao. Lakini jeshi ni la taifa, na linaweza kunipeleka Mbandaka, nikawa mimi sasa yule mgeni asiyeelewa mama mzee wa huko.

Wa pili alikuwa mwalimu wetu mmoja. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Wahema wa Djugu wanasema lugha gani?" Mnajua jibu. Wahema wa kaskazini wanasema Kilendu, lugha ileile ya majirani zao Walendu, na hata hivyo vita vya 1999 hadi 2003 viliwaka hapohapo, na kwa makadirio viliua watu zaidi ya 50,000 katika Ituri. "Basi," akasema, "usiniambie kwamba watu wakielewana maneno hawatauana." Akanikumbusha pia upande wa pili wa mpaka. Jeshi la Uganda linasema Kiswahili tangu King's African Rifles, na kwa sababu hiyo raia wengi wa Kampala walikihesabu Kiswahili kuwa lugha ya askari wakakikimbia, kama wengi wetu tunavyoishtukia Lingala. Lugha tunayoipenda sisi kama lugha ya soko na kanisa, kwa wengine ilikuwa lugha ya bunduki. Hivyo mwenye bunduki anaweza kuitia hofu lugha yoyote anayoisema, hata ya kwetu.

Wa tatu alikuwa mama. Anauza samaki wa kukauka kutoka Tchomia, na hana muda wa hoja ndefu. Mwaka 2003, kabla askari wa Ulaya wa Operesheni Artemis hawajafika mwezi wa Juni, alinibeba mgongoni kwa miguu kupitia Komanda hadi Beni. Aliacha kupanga samaki, akasema: "Mutoto yangu, sikukutosha mu vita moya juu nikurudishe mu ingine." Nikamwambia kwamba jeshi la serikali si kundi la msituni. Akajibu kwamba anajua. Kisha akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za Rwampara.

Nimezisikia, na ninyi pia. Rwampara, karibu na mji wetu, leo kuna kambi ya jeshi la taifa. Tarehe 12 Februari 2003 ilikuwa kambi ya mafunzo ya UPC, na video iliyopigwa pale siku hiyo, ikimwonyesha Thomas Lubanga mbele ya waandikishwa ambao baadhi yao walikuwa watoto, ilikuwa miongoni mwa ushahidi uliomtia hatiani The Hague tarehe 14 Machi 2012. Kosa lake lilikuwa kuandikisha na kutumia watoto wa chini ya miaka 15. Kwa mama, neno "kujiandikisha" halina harufu ya Katiba. Lina harufu ya miaka ile.

Hapo ndipo nilipoanza kuyatazama maneno yenyewe. Vita vya kwetu vimeazima Kiswahili kila mara. "Kadogo" ni neno la nyumbani, lenye kile kiambishi ka- tunachokitumia Kongo kwa kitu kidogo tunachokipenda. AFDL ilipopita, likawa jina la mtoto mwenye bunduki, na hadi leo ukiliita kwa sauti mtaani wazee wanageuka. "Mai-Mai" ni maji. "Wazalendo" ni neno ambalo mwalimu wa uraia angetaka kila mwanafunzi alistahili, lakini sasa ni jina la makundi yenye silaha, wakati kifungu cha 190 kinaita kuunda wanamgambo uhaini mkuu. Mtu anayeitwa kwa neno zuri lazima aulize neno hilo litamfanya nini akisha kulikubali.

Nilijiuliza hivyo, na jibu likawa hili. Nilitaka kuingia jeshini kama mkalimani, lakini karatasi ya kujiandikisha haina nafasi ya mkalimani. Anayetia saini hatii kwa sehemu ya kazi anayoipenda tu. Anakubali kutii amri zote, hata ile itakayotolewa usiku juu ya kijiji asichokijua. Wako wanaoweza kubeba ahadi hiyo wakabaki watu wema, na mwenzangu wa Kitona ni mmoja wao. Mimi nilijipima nikaona siwezi kuitoa nikiwa na sababu moja tu mkononi. Sikujiandikisha.

Uamuzi huo haunifuti deni. Mama wa kizuizini bado yuko, na askari kijana wa Kananga anayemwogopa kama anavyoogopwa naye bado yuko. Kwa hiyo naleta ombi kwa walimu na wanafunzi wenzangu. Idara yetu ina watu wanaosema Kilendu, Kihema, Kibira, Kialur na Lingala katika chumba kimoja. Tukusanye maneno mia moja ya kizuizini: simama, karatasi, unatoka wapi, usiogope, mgonjwa, mtoto wangu, pita. Tuyaandike kwa lugha hizo zote na kwa Kiswahili, kwenye karatasi moja inayokunjika mfukoni. Tuwape viongozi wa maeneo ya wakimbizi, tuombe ruhusa tuwape na askari. Halitazuia vita, na mwalimu wangu ameshanionya nisiseme hivyo. Linaweza kumpitisha mama mmoja bila kelele.

Mimi nimeanza na Lingala na Kilendu. Nimemwomba mwenzangu wa Kitona aniandikie maneno ambayo askari huyatumia kwa kweli, na ametuma arobaini. Mwenye Kibira na Kialur anajua mahali pa kunipata, maktabani, alasiri.