Nusu Siku Katika Msitu wa Kahuzi



Mtu anayekaa Miti au Kavumu anauona mlima Kahuzi karibu kila asubuhi, mawingu yakimruhusu. Anauona akipeleka watoto masomoni, anauona tena akitoka sokoni. Lakini ukimwuliza, "Je, umekwisha kuingia mle?" atacheka. Mmoja atasema ule ni msitu wa wageni wanaokuja kutazama gorila, wale tunaowaita ngagi. Mwingine atasema ni msitu wa walinzi wenye bunduki. Wa tatu atasema upesi kwamba yeye hana miguu ya kupanda milima. Basi leo nataka kuwapa habari ya safari moja ndogo, ya nusu siku tu, ambayo hata mama mwenye umri anaiweza akitembea polepole. Kwa miguu safari ilikuwa nyepesi. Kwa moyo haikuwa nyepesi sana, na ndiyo sababu ninaandika.

Ilikuwa siku ya posho, mwezi wa saba wa mwaka 2017, wakati wa kiangazi. Tulikuwa watu saba: walimu wawili na vijana watano wa parokia yetu. Hatukuwa na franga za kulipia kutazama gorila, maana bei yake ni kubwa. Tuliomba tu kupitishwa msituni kwa miguu mpaka kilima kimoja ambapo mtu anaona mbali, kisha kurudi kwenye saa sita.

Kutoka Bukavu mpaka kituo cha Tshivanga ni zaidi ya kilometa 30. Ziwa Kivu liko mkono wa kuume. Ukifika Miti unaliacha ziwa, unakata mkono wa kushoto, na barabara inaanza kupanda. Unapita migomba, mihogo, maharagi, kiisha mashamba ya majani ya chai yaliyokatwa sawasawa kama nywele za mtoto anayekwenda kupokea Komunyo ya kwanza. Halafu, pasipo kukuonya, shamba linakwisha na msitu unasimama mbele yako kama ukuta. Hapana kichaka cha katikati. Huku ni jembe, kule ni msitu. Nilishangaa kuona mstari ule, na baadaye nilifahamu kwamba mambo yote ya pale yanaanzia kwenye mstari huo.

Kituoni tulipokelewa na kiongozi, kijana mwenye adabu. Alitupa kwanza amri za msitu. Mwenye kikohozi asiingie, kwa maana gorila anashikwa na magonjwa yetu, naye hana mganga. Kusitupwe karatasi wala mfuko wa plastiki. Suruali ziingizwe ndani ya soksi, maana siafu hawapigi hodi. Tusipaze sauti. Tusimpite yule anayetutangulia.

Kisha akatusimulia kwa ufupi historia ya pale. Mwaka 1937, wakati wa Wabelgiji, sehemu ya mlima Kahuzi iliwekwa kando kuwa msitu wa kulindwa. Mwaka 1970 ikawa Parki ya Taifa, yenye kilometa mraba kama 600. Mbelgiji mmoja, Adrien Deschryver, alikuwa amejitahidi sana ili gorila wale wazoee watu na waweze kutazamwa. Mwaka 1975 Parki iliongezwa upande wa magharibi, kwenye misitu ya bondeni, ikafika karibu kilometa mraba 6,000. Mwaka 1980 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia nzima. Lakini vita vikaja, na mwaka 1997 ikaandikwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Miaka ile tembo wa sehemu ya mlimani waliuawa karibu wote, na gorila wa pale wakapungua karibu nusu. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda duniani, na watu wengi wakaingia bondeni kuchimba. Nao walihitaji kula, na chakula chao kikawa nyama wa msitu.

Vijana wetu walisikiliza. Mmoja akauliza: "Na huyu mzee, ni nani?"

Alikuwa amesimama nyuma ya kiongozi, mfupi, mwenye panga mkononi na buti zilizo kubwa kuliko miguu yake. Kiongozi akajibu: "Huyu ndiye anayefuata nyayo. Mimi ninasema, lakini yeye ndiye anayejua." Vijana, kwa kuwa ni Bashi, wakamsalimu *Mushamuka*, yaani mzee wa kuheshimiwa. Yeye alikuwa Mtwa. Hakusema neno, alitangulia tu, nasi tukafuata. Nyuma yetu akaja mlinzi mmoja na bunduki yake.

Njia yenyewe haina shida. Inapanda kidogo, inateremka kidogo, inazunguka bonde la matete lenye maji meusi. Asubuhi ni baridi, mtu anashukuru kwa koti lake. Miti ni mikubwa, imevaa kuvu kama ndevu. Baadaye tuliingia katika mianzi, na pale mwanga ukawa wa kijani, na kelele za barabara zikapotea kabisa. Mzee alitembea polepole mno, hata vijana wakaanza kusukumana nyuma yake. Lakini nilimtazama: kila hatua macho yake yalikuwa yakifanya kazi. Pale sisi tulipoona majani, yeye aliona habari.

Mahali pamoja akasimama, akainama, akavunja kijiti kilichokuwa kimekunjwa. Akatuonyesha utomvu. "Haujakauka," akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza. Akasogeza majani kwa panga, na tukaona kama kitanda cha matawi yaliyolazwa chini. Kando yake kitanda kingine, na kingine. Vijana wakahesabu: saba.

"Mushamuka, unajuaje kwamba si vya zamani?"

"Mavi yanasema," akajibu, na wote wakacheka, naye akacheka pia. "Ngagi hawalali mara mbili katika kitanda kimoja. Kila jioni wanatengeneza kingine. Ukihesabu vitanda, umehesabu jamaa. Hiki kikubwa ni cha baba yao, yule mwenye mgongo mweupe. Hiki, tazama, kuna mavi makubwa na mavi madogo pamoja: ni mama, amelala na mtoto wake. Walikuwa hapa jana usiku."

"Wamekwenda wapi?"

"Siyo kwenye mianzi. Mwezi huu mianzi haina machipukizi. Mvua zikirudi, mianzi itachipuka, nao watakuja kula hapa. Sasa wako juu, wanatafuta majani mengine."

Mwenzangu mwalimu alininong'oneza kwamba amesoma miaka mingi na hajapata kumwona mtu anayesoma upesi namna ile. Nami niliwaza hivyo hivyo.

Kwenye saa nne tulipumzika. Mama mmoja wa parokia alikuwa ametufungia viazi vilivyochomwa na chupa kubwa ya maji, na tulikuwa na kikombe kimoja tu. Tukagawa. Kiongozi akapata, mlinzi akapata, na mzee akapata kiazi chake. Kikombe kikaanza kuzunguka. Kilipotoka mikononi mwa mzee kilimfikia mmoja wa vijana wetu, mwema, mwenye bidii, naye akakishika bila kunywa. Akatazama chini. Sisi sote tulijua sababu. Katika nchi yetu watoto wengi walifundishwa nyumbani kwamba Mtwa hali nawe sahani moja, wala hanywi nawe kikombe kimoja. Hakuna anayesema sababu ni nini. Ni desturi tu, kama kufunga mlango usiku.

Mzee aliona. Nadhani alikwisha kuona mambo hayo mara nyingi kuliko tulivyo na nywele. Hakukasirika. Alinyosha mkono akachuma jani pana, akalikunja kama kikombe, akamimina maji yake humo, akanywa. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa habari ya shamba lake: "Mimi nilizaliwa kule," akaonyesha kwa kidevu upande wa bonde. "Tulikuwa na nyumba za majani, tulikuwa na asali. Nilikuwa mtoto bado walipokuja kutuambia tutoke. Wakasema nyumba yetu sasa ni ya nyama. Lakini hao nyama tulikuwa tunakaa nao tangu zamani, na hawakuisha. Tukatoka. Hatukupewa shamba. Tukakaa pembeni mwa mashamba ya watu, tukawalimia kwa mihogo. Leo ninaingia humu asubuhi kwa kazi, na jioni ninatoka."

Hakuna aliyejibu. Kiongozi naye alinyamaza, na nilimheshimu kwa kunyamaza kwake. Maana jambo lile ni kweli. Katika miaka ya 1970 na baadaye Watwa waliondolewa katika msitu huo, maelfu ya watu, pasipo kupewa ardhi nyingine. Na wale waliowafundisha wageni njia za gorila walikuwa Watwa hao hao.

Kijana wetu akanywa. Alikunywa yote, akakijaza tena kikombe kwa mikono miwili, akampa mzee. Hakusema lolote, nasi hatukumsifu. Tukasimama, tukaendelea na njia.

Juu ya kilima upepo ni mkali, na macho yanafunguka. Mbele yetu Kahuzi yenyewe, yenye meta 3,308, na Biega, yenye meta 2,790. Nyuma yetu, mbali, ziwa kama kitambaa kilichoanikwa. Kati ya msitu na ziwa tuliona mashamba yetu, madogo madogo, yamebanana, yamepanda mpaka kwenye ule mstari niliowaambia, na mahali fulani yakauvuka. Moshi mwembamba ulitoka kwenye miti. Kiongozi akasema: "Makala."

Akatueleza kwamba msitu huu unashika mvua kama sponji. Maji yake mengine yanateremka kwenye Ziwa Kivu, mengine yanakwenda magharibi kuufuata mto Kongo. Miti ikiisha, chemchemi zinakauka wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua udongo wa mashamba unateremka na maji. Mjini nyumba nyingi zinapika kwa makala. Gunia linafika mlangoni, tunauliza bei, hatuulizi limetoka wapi.

Simwiti mkulima mwizi. Mtu mwenye watoto wanane na shamba la hatua thelathini ana haki ya kutafuta mahali pa kupanda. Simwiti mlinzi adui. Walinzi wengi wamezikwa kwa sababu ya kazi hiyo, wakiacha wajane. Na gorila hana kinywa cha kujitetea. Lakini pale juu niliona wazi kwamba kati ya wote wanaodai msitu, yule aliyeujua kuliko wote ndiye aliyepewa kidogo kuliko wote.

Mambo yaliyofuata yalionyesha uchungu ule ulikuwa umefika wapi. Mwaka 2018 jamaa nyingi za Watwa zilirudi msituni kwa nguvu. Kukawa mapigano, Watwa wakafa, na walinzi wakafa. Wafanyabiashara wa makala na mbao wakatumia nafasi ile, na sehemu kubwa ya miti ikaanguka. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki za Watwa wa Kahuzi-Biega, na kwamba inapaswa kuwarudishia ardhi yao, kuwalipa na kuwaomba radhi. Kisha mwezi wa pili wa mwaka 2025 kundi la M23 liliingia Bukavu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiondoke nyumbani kwa sababu umesoma habari hii. Uliza kwanza hali ya njia.

Lakini siku utakapoweza kwenda, nenda. Vaa viatu vya kufunga na koti. Ukiwa na mafua, ngoja upone. Chukua maji ya kutosha na viazi viwili zaidi ya vyako. Msalimu anayefuata nyayo kwa jina lake, umwache atangulie, wala usimharakishe. Ukirudi nyumbani, tafuta jiko linalokula makala kidogo, na panda miti ya kuni pembeni mwa shamba lako, ili ule mstari usisogee tena juu.

Na kikombe kikikufikia kutoka mkononi mwake, kunywa.