Deni la Wiki Nilizokosa

Mwezi wa tatu simu yangu iliibwa kwa matatu nikitoka tao. Ilienda na video 14 ambazo sikuwa nimepost bado. Nilikuwa nimewaahidi video moja kila wiki, na manze, nilinyamaza miezi miwili.

Lakini wacha niseme ukweli, shida haikuwa simu. Mathe alinipea yake ya zamani wiki iliyofuata. Skrini imepasuka, ila inarekodi. Shida ni vile nilikuwa nahesabu. Nimekosa wiki moja, mbili, tatu... Nikajiambia nikirudi nitapost zote kwa mpigo ndiyo mjue sijalegea. Kila Jumamosi deni linaongezeka, na mimi nazidi kulala.

Kilichonitoa hapo ni Kipchoge. 2012 alikosa nafasi kwa timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Alikuwa mtu wa mbio za uwanjani, 5,000 na 10,000. Mwaka uliofuata akaanza marathoni, na 2016 akachukua dhahabu kule Rio. Hakukaa akidai zile mbio alizokosa.

Mimi hata ngazi za ploti zinanichosha, lakini hilo deni nililifuta. Nikarekodi sekunde 40 jikoni, mathe akilalamika nimemzuia kufikia sufuria. Watu 61 waliangalia. Mmoja akauliza nilikuwa nimepotelea wapi.

Wiki iliyopita nimekosa tena, bando ziliisha. Leo sijawaletea mbili.